Mvua inaingilia wapi? Utatuzi wa matatizo kwa ndege ndogo ya kujiundia inayolala nje Dodoma

Mvua za msimu Dodoma huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Si nyingi. Shida ni namna zinavyoshuka: upepo kwanza, vumbi jekundu, kisha maji ya nusu saa yanayojaza makorongo yote. Na ndege inayoyapokea imekwisha kaa miezi saba juani, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100, ambako jua halina huruma na mpira, sponji wala silikoni. Ndiyo maana ndege iliyomaliza Aprili ikiwa kavu huvuja Desemba bila mtu kuigusa. Uvujaji wa mvua ya kwanza ulitengenezwa Agosti.

Usitafute tundu kubwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kanopi (kifuniko cha kioo juu ya viti) na kioo cha mbele cha ndege ya viti viwili, ukivitazama kutoka juu, vina kama mita 1.5 za mraba. Mvua ya milimita 25 inavimwagia lita 37 na ushee. Mshono ukipitisha sehemu mbili tu kati ya mia, chini ya kiti kuna robo tatu ya lita. Mwanya wa kufanya hivyo hauonekani kwa macho ukiwa umesimama nje.

Kwanza soma tope

Dodoma ina faida moja ambayo watu wa pwani hawana: vumbi. Maji yanapopita ndani ya ndege huliburuta, na yakikauka huacha mstari mwembamba wa rangi ya matofali. Usipanguse chochote kabla ya kuufuata mstari huo kwa tochi kutoka pale maji yalipotuama kurudi juu. Mara nyingi utaishia mbali na ulikotegemea. Maji yanayoonekana chini ya kiti cha kulia huenda yameingilia kwenye kitako cha antena nyuma ya kichwa, yakatembea juu ya waya, yakafika kwenye kona ya waya, ndipo yakadondoka.

Jambo la pili la kushika: ndege hulowa ikiwa imeegeshwa, si ikiwa inaruka. Ya gurudumu la mkia hulala pua juu, kwa hiyo kila tone linalopita kanopi linakwenda mkiani. Ya gurudumu la pua hukaa karibu usawa, na maji yake hubaki tumboni chini ya viti au nyuma ya ukuta wa injini. Michoro mingi ya kuundia huonyesha ndege ikiwa usawa wa kuruka, na waundaji hutoboa matundu ya kutolea maji kwa kufuata mchoro. Baadaye hushangaa kwa nini tundu liko pale na dimbwi liko huku.

Kama mstari wa tope hausomeki, fanya jaribio la mpira wa maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, kanopi imefungwa. Pangusa mishono yote kwa ndani ikauke, kisha ipake vumbi la chaki au bandika vipande vya karatasi ya chooni kandokando yake. Mwingine nje amwage maji bila shinikizo, mpira uachiwe tu uchuruzike, akianza CHINI kabisa na kupanda: dakika tano usawa wa kingo za chini, tano kwenye mshono wa mbele, tano kwenye mshono wa juu, tano kwenye vitako vya antena. Ukianzia juu, maji yatapita kila mahali kwa wakati mmoja na hutajua mkosaji ni nani. Mashine ya kuoshea magari isikaribie. Shinikizo lake hupenyeza maji hata kwenye mshono mzima, na utatumia wiki kuziba kisichovuja.

Kiti au zulia limelowa

Mtuhumiwa wa kwanza ni mpira au sponji ya kuzunguka kanopi. Kata karatasi ya daftari vipande vya upana wa sentimita 2, funga kanopi juu ya kipande, kivute. Kikishikwa, hapo pazima. Kikitoka bila upinzani, hapo pana mwanya. Zunguka kanopi yote kila sentimita 15 na uweke alama kwa chaki.

Sababu huwa tatu. Sponji imekakamaa na kubaki bapa: ibonye kwa kidole, na ikichukua zaidi ya sekunde chache kurudi, imekufa. Au ni sponji ya aina mbaya tangu mwanzo. Masalia ya godoro na sponji za viti zina vitundu vilivyounganishwa; hunywa maji kama kitambaa na kuyapitisha upande wa pili, kisha hukaa mbichi dhidi ya aluminiamu kwa siku nne. Inayotakiwa ni ile ya vitundu vilivyojifunga, aina ya EPDM au neoprini. Namna ya kuijua dukani ni kukata kipande, kukikamua ndani ya glasi ya maji, kukiachia humo kinyonye, kisha kukikamua tena nje. Kikitoa maji, kirudishe. Sababu ya tatu ni fremu iliyopinda au komeo lililolegea, na hiyo hakuna sponji itakayoiponya.

Unene usibahatishwe. Chukua plastisini ya watoto, izungushie nailoni, iweke kwenye mwanya kila sentimita 15, funga kanopi na komeo lake, fungua, pima plastisini ilivyobanwa. Sponji iwe mara moja na nusu ya kipimo hicho: mwanya wa milimita 4 unataka sponji ya milimita 6. Ikizidi sana, kanopi inafungwa kwa kusukumwa, kioo kinabebeshwa mzigo kwenye matundu ya skrubu, na siku ya baridi ya Juni kinapasuka kuanzia tundu hadi ukingoni. Kanopi mpya ni ghali kuliko viti vyote vilivyolowa.

Gandisha sponji kwenye fremu ya chuma, kamwe si kwenye kioo. Gundi za mpira zina viyeyushio vinavyotia akriliki nyufa ndogo kama utando wa buibui, na nyufa hizo hazitoki. Kwa sababu hiyohiyo petroli, thina, asetoni na dawa za madirisha zenye amonia zisiguse kioo cha ndege. Maji mengi, sabuni kidogo, kitambaa laini cha pamba, basi.

Miunganiko isiyofunguka, kama kioo cha mbele na bati la pua, huzibwa kwa silikoni. Inusa kabla ya kununua. Ikinuka siki, ina asidi inayokula aluminiamu na chuma chini ya mshono, mahali usipoona. Tafuta ile isiyo na asidi, na chupa yake husema hivyo. Bandika selotepu ya umeme pande zote mbili za mshono, vuta silikoni, ilainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni, na utoe selotepu papo hapo kabla haijashika ngozi. Silikoni hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa. Dodoma ya Septemba hewa ni kavu mno, kwa hiyo saa 24 zilizoandikwa kwenye chupa zihesabu kama 48. Na usiipake karibu na mahali unapopanga kupaka rangi; rangi haitashika hapo tena.

Maji yanadondokea redio na vyombo

Hili ni la ndege ambazo kanopi yake hufunguka kwa kuinukia mbele, kama RV nyingi (ndege za kujiundia za kampuni ya Van's) zilizoundwa kwa mtindo huo. Mshono wa mbele wa kanopi uko juu kabisa ya dashibodi, na bawaba zake haziruhusu sponji kuzunguka bila kukatika. Watu hubadilisha sponji mwaka baada ya mwaka na bado matone yanadondoka.

Acha kupigana na mshono. Yape maji njia. Weka mfereji chini yake: aluminiamu nyembamba iliyokunjwa umbo la U, upana na kina milimita 10, ukifuata mkunjo wa ukingo kwa ndani. Kwa kuwa sehemu ya kati ya mkunjo ndiyo ya juu, maji yatakimbilia pembeni yenyewe. Kila mwisho uunganishe na mrija laini wa kipenyo cha ndani milimita 6, uushushe kando ya ukuta wa injini hadi tumboni, na mdomo wake ukatwe mshazari ukitazama nyuma ili upepo wa mwendo uvute badala ya kusukuma. Mrija usipite karibu na bomba la moshi wala usiguse nyaya za usukani. Mwage glasi moja ya maji kwenye mfereji. Yote yatoke chini ndani ya dakika moja. Mfereji usiovuja ni bora kuliko mshono unaodai kutovuja.

Wakati huohuo tazama nyaya zinazoingia nyuma ya redio. Kama waya unashuka moja kwa moja kwenye plagi, maji yataufuata hadi kwenye pini. Ulegeze ushuke chini ya plagi kwa sentimita 4 au 5 kisha upande kuingia, ili tone lidondokee kwenye tumbo la waya.

Turubai la kufunika linasaidia sana hapa, ila si turubai lolote. Lile la plastiki la bluu linalouzwa kila soko ni adui: linazuia mvuke usitoke, na upepo ukilipigapiga juu ya vumbi lililobaki kwenye kioo, linafanya kazi ya msasa. Ishonee ndege mfuniko wa kitambaa kinachopumua, kilichotibiwa kisipitishe maji, ndani yake bitana ya pamba laini. Uvuke mshono wa mbele kwa angalau sentimita 30 na ufike nyuma ya kanopi vilevile. Mikanda ipite chini ya tumbo, vishikizo vikae tumboni na si ubavuni, na isibane pitoti (mrija wa nje wa kupimia mwendo), antena wala mirija ya hewa. Fundi anayeshona viti vya magari ataweza kazi hii ukimpelekea kiolezo cha magazeti. Kabla ya kuuvalisha, mwagia kioo maji vumbi liondoke. Na uuvalishe kiangazi pia, hasa kiangazi. Kazi yake kubwa ni jua.

Maji yanachezacheza mkiani au tumboni

Hakuna ndege ya nje isiyoingiza maji kabisa. Kinachoitofautisha nzima na mbovu ni kama maji hayo yanatoka. Tundu la milimita 6 lililo mahali pa chini kabisa lina thamani kuliko chupa tatu za silikoni.

Pima, usikisie. Ndege ikiwa imeegeshwa kama kawaida, mimina nusu lita ya maji mkiani kupitia mlango wa ukaguzi na weka beseni chini. Subiri dakika kumi. Ukipata chini ya mililita 450, kuna bwawa ndani, na sababu ni moja kati ya hizi: tundu limezibwa na vumbi lililogeuka udongo, nyigu wa udongo wamejenga humo, rangi mpya imeliziba, au halipo mahali sahihi. Matatu ya kwanza yanatibiwa kwa kijiti cha mbao au waya laini usiokwangua, mwanzoni mwa Novemba na kila baada ya wiki mbili msimu ukianza. Nyigu hawahitaji wiki. Siku mbili za jua zinawatosha.

La nne linataka keekee. Toboa bati la ngozi tu, kamwe si mhimili wa bawa wala fremu, na kitovu cha tundu kiwe umbali usiopungua mara mbili ya kipenyo chake kutoka ukingo wowote au riveti. Ondoa makali, paka praima ukingoni. Kwa ndege ya faiba, ukingo wa tundu ufungwe kwa epoksi, la sivyo maji yatanywewa na tabaka la ndani. Kwa ndege ya kitambaa, kila chumba kati ya mbavu mbili kinataka tundu lake upande wa chini karibu na ukingo wa nyuma, lenye pete ya plastiki iliyogandishwa. Kutoboa ni kubadili muundo: kuandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu cha ndege, na mkaguzi akione kabla hujaruka.

Mwenye ndege ya mbao asisubiri dimbwi. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20, kuoza kunaanza, na hewa kavu ya kiangazi haifuti uozo ulioanza Februari. Kipimo kidogo cha unyevu chenye pini mbili kitakuambia. Pima karibu na matundu na chini ya gundi, si katikati ya ubao.

Usukani umekuwa mzito, au mkia unatetema

Usiruke. Sehemu hii haina mjadala.

Maji yakiingia ndani ya eleveta (bapa la mkiani la kupandisha na kushusha pua), eileroni (bapa la bawa la kuinamishia ndege) au usukani wa mkia, hukaa nyuma ya bawaba na kuharibu mizani ya bapa hilo. Gramu 100 za maji, yaani nusu ya kikombe cha chai, zikiwa sentimita 20 nyuma ya bawaba zinahitaji gramu 400 sentimita 5 mbele yake ili kusawazishwa, na gramu hizo hakuna aliyeziweka. Bapa lisilo na mizani linaweza kuanza kutetema angani, mtetemo ukajiongeza wenyewe, na likang'oka ndani ya sekunde chache.

Weka sikio kwenye bapa na mwenzio alipandishe na kulishusha polepole. Maji yasiyonywewa na kitu yatasikika. Yaliyonywewa na povu la ndani hayasikiki, kwa hiyo kwa mabapa ya faiba suluhisho ni kulifungua, kulipima uzito na mizani, na kulinganisha na namba ulizoandika siku ya kuunda. Kama hukuziandika, huu ndio wakati wa kuzipata: likaushe, lipime, andika. Kisha tafuta njia ya kuingilia, ambayo kwa kawaida ni mahali ambapo fimbo ya kusukumia inapita au riveti za kuvuta zisizozibwa kichwani upande wa juu.

Matone kwenye sampuli ya mafuta

Kila mtu hulaumu umande. Tufanye hesabu. Hewa iliyojaa mvuke kwa nyuzi 25 hubeba kama gramu 23 za maji kwa mita moja ya ujazo. Tangi tupu la lita 50 lina basi gramu moja na ushee, hata kama mvuke wote ungegeuka maji. Ni kijiko cha chai ambacho hakijajaa robo. Na hewa ya Dodoma miezi mingi haikaribii kujaa hivyo. Ukichota nusu kikombe cha maji kwenye koki ya chini ya tangi, umande hauhusiki; maji yameingilia mfunikoni au yamekuja na pipa.

Mfuniko uliozama usawa wa bawa ni bakuli dogo. Mvua hujaa humo na kusubiri oringi, yaani pete ya mpira ya mfuniko, ichoke. Ikague kwa kuikunja kati ya vidole viwili. Nyufa ndogo upande wa nje, au alama bapa isiyopotea, ibadilishe. Oringi iwe ya nitrili au florosilikoni. Ya EPDM huvimba ndani ya petroli, hukwama, kisha hukatika ukifungua mfuniko, na kipande huingia tangini. Kwa hiyo usichukue yoyote ya kipenyo sawa kutoka duka la mabomba ya maji bila kujua imetengenezwa kwa nini.

Jaribio la mfuniko: tengeneza ukuta wa plastisini wa sentimita 2 kuuzunguka, jaza maji yaliyotiwa rangi ya chakula, subiri nusu saa. Nyonya maji yote kwa sponji kabla ya kufungua, kisha chota sampuli kwenye koki. Ukiona rangi hiyo chini ya chupa, umempata. Fanya hivi siku ambayo huruki, na uendelee kuchota hadi sampuli mbili mfululizo ziwe safi.

Sampuli ichotwe kwenye chupa ya kioo angavu. Maji huzama, kwa sababu lita ya petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72 tu, utaona duara dogo linalozunguka chini kama zebaki. Hatari ni chupa iliyojaa maji matupu: haina mstari wa kutenganisha na inaonekana safi kupita kiasi. Petroli ya ndege ya 100LL ina rangi ya bluu. Chupa isiyo na rangi ikutie wasiwasi. Ukiwa na shaka, dondosha rangi ya chakula. Katika petroli itabaki kama shanga, katika maji itaenea. Baada ya kujaza mafuta subiri angalau robo saa, tikisa mabawa taratibu, na kwa ndege ya gurudumu la mkia kumbuka kwamba kona ya chini ya tangi ikiwa imeegeshwa huenda siyo iliko koki. Inua mkia hadi usawa wa kuruka, subiri, chota tena.

Kisha pipa. Petroli ya ndege ikihifadhiwa kwenye pipa lililosimama nje, maji ya mvua hutuama juu ya kifuniko ndani ya ukingo. Mchana pipa linapata joto na kupumua nje. Usiku linapoa na kuvuta ndani, na kinachovutwa ni yale maji yaliyo juu ya vizibo. Vizibo vilivyokazwa kwa mkono havizuii. Lilaze pipa, vizibo viwili vikiwa kwenye mstari wa usawa kama saa tatu na saa tisa za uso wa saa, ili petroli ivifunike kwa ndani. Unapomimina, tumia faneli yenye chujio linalokataa maji, na uunganishe pipa, faneli na ndege kwa waya kabla ya kufungua; hewa kavu ya kiangazi hutengeneza cheche kwa urahisi.

Kwa wanaotumia petroli ya sheli kwenye injini ya Rotax, kuna jambo jingine: petroli yenye ethanoli hunywa maji na kuyaficha, kisha ikipoa huyaachia kwa wingi. Weka mililita 10 za maji kwenye silinda ya kupimia, ongeza 90 za petroli, tikisa, subiri dakika kumi. Mstari wa chini ukipanda juu ya 10, ethanoli imo, na mafuta hayo yasiachwe tangini wakati wa mvua.

Mshale wa mwendo unarukaruka au altimita imeganda

Maji yamo kwenye mirija. Pitoti isiyofunikwa hupokea mvua ya upepo moja kwa moja, na nyigu humalizia. Usipulize kamwe kwa mdomo au pampu kwenye pitoti ikiwa mirija bado imeunganishwa na vyombo. Utaua chombo cha bei kubwa kwa pumzi moja. Chomoa mrija nyuma ya chombo, puliza kwa shinikizo dogo kutoka upande huo kwenda nje, rudia hadi karatasi uliyoshikilia mbele ya pitoti ibaki kavu. Tundu la statiki, lile linalopokea shinikizo la hewa tulivu kwa ajili ya altimita, ni hivyohivyo. Rudisha, kisha mfumo upimwe uvujaji kabla ya kuruka. Mfuniko wa pitoti uwe na utepe mwekundu mrefu. Kuruka nao ukiwa bado umevalishwa ni kosa la kawaida.

Injini haitaki kuwaka asubuhi baada ya mvua

Kabla ya kugusa swichi: magneto (vizalishi vya umeme wa plagi) zimezimwa, gurudumu limewekewa kigingi, zungusha propela kwa mkono polepole ukiichukulia kama iko hai. Ikigoma kwa ugumu usio wa kawaida, acha. Toa plagi za chini. Huenda silinda ina maji yaliyoingilia bomba la moshi linalotazama juu au mdomo wa hewa usiozibwa. Kulazimisha kutapinda fimbo ya pistoni.

Ikizunguka vizuri lakini haishiki, angalia bakuli la kabureta na chujio kwa maji, halafu nyaya za plagi. Unyevu juu ya kifuniko cha magneto huvujisha umeme. Kipangusie, kisha hewa ya uvuguvugu dakika kumi. Midomo ya hewa ya boneti izibwe kwa sponji iliyovishwa ngozi bandia, yote miwili iunganishwe kwa kamba inayopita mbele ya propela. Bila hivyo jurawa watajenga ndani, na kiota kilicholowa juu ya silinda hukaa kibichi wiki nzima.

Hakuna tone, lakini kioo kina ukungu na ndege inanuka uvundo

Maji yaliingia zamani na hayajatoka. Chomoa betri, waya hasi kwanza, na usiwashe redio yoyote ili "kuijaribu". Toa viti, mito, zulia na bitana ya ukuta. Povu la mto wa kiti linaweza kubeba lita mbili na kuonekana kavu juu. Fungua milango yote ya ukaguzi, weka feni ndogo ielekee mkiani, na uache kanopi wazi chini ya kivuli cha chandarua kuanzia saa tatu asubuhi. Mchele uachie sufuria. Vifuko vya silika ndivyo vinavyonyonya, navyo hufaa baada ya kukausha, si badala yake. Chini ya zulia tafuta unga mweupe kwenye aluminiamu, hasa kuzunguka riveti na chini ya mkanda wa gundi. Ukipangusika na bati likabaki laini, safisha na upake praima. Likibaki na vishimo, mwite mkaguzi.

Zulia lisirudi hadi lipite mtihani wa shavu: libonyeze shavuni upande wa mpira. Likiwa na ubaridi, lina maji.